Jiwe la kaburi la babu limepasuka: likarabatiwe au liwekwe jipya?

Ikikaribia Novemba 2, siku ya marehemu wote kwa Wakatoliki, magrupu ya WhatsApp ya ukoo huku kanda ya ziwa yanachangamka kwa jambo moja tu, makaburi. Kuna mtu kaenda kufyeka, kapiga picha, kairusha: jiwe la babu limepasuka katikati, msalaba umelala kwenye majani, maandishi nusu hayasomeki. Michango inatangazwa kabla hata haijajulikana ni ya kufanyia nini. Aliyeko Dar anataka granaiti nyeusi yenye picha, shangazi wa Sengerema anasema wanangu msiliguse hilo jiwe, na fundi aliyeitwa kuangalia anasema "hili halitengenezeki bosi, tulivunje tu". Fundi atasema hivyo karibu kila mara, maana kujenga upya ndo kuna hela, kuziba ufa hakumlipi.

Msimamo wangu nausema mapema usihangaike kuutafuta. Kama jina bado linasomeka na jiwe halimong'onyoki ukiligusa, karabati. Jipya liwe pale ambapo la zamani limekufa kweli. Na kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaifikirii, tutaifikia.

Una jiwe gani kwanza?

Hili ndo swali linaloamua mambo mengi na ndo linalorukwa. Wasukuma wengi wa zamani walikuwa wanazika nyumbani kwenye kaya, hamna jiwe la kuandikwa, ni mawe yamepangwa basi. Mawe yenye maandishi yalienea zaidi pamoja na misheni (Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi mwaka 1883), na kwenye makaburi ya misheni za zamani unaweza kukuta jiwe lina Kilatini au hata Kijerumani.

Kama ni granaiti ya hapa hapa, yale mawe yale ambayo Mwanza imejaa kila kilima, una bahati. Ni gumu, mvua halijali, likipasuka mara nyingi ni kwa sababu limeanguka au limechomwa moto. Na hili la moto watu wanalichukulia poa sana: wale jamaa wanaoponda kokoto huku mitaani wanapasuaje mwamba mkubwa? Wanauwashia moto juu yake mpaka unabanduka. Sasa we unachoma majani makavu makaburini mwezi wa nane halafu mwaka unaofuata unashangaa jiwe la babu limetoka magamba. Fyeka, kusanya, kachome mbali.

Kama ni marumaru nyeupe, ile laini iliyoletwa kutoka mbali, hiyo maji ya mvua yanaila taratibu, herufi zinakuwa butu mpaka uzipapase kwa kidole. Hii ukiisafisha kwa asidi ya kusafishia taili umeimaliza, inachemka hapo hapo mbele ya macho yako.

Kama ni teraso, yaani simenti yenye vipande vya marumaru vilivyosuguliwa, inakarabatika vizuri tu ila tafuta fundi anayeijua, na wengi waliokuwa wanaijua ni wazee sasa hivi.

Halafu kuna ile ambayo ndo iliyojaa kuliko zote na ndo inayodharauliwa kuliko zote: kibao cha simenti kilichoandikwa kwa msumari ama kijiti kikiwa kibichi. Herufi zimepinda, N imegeuzwa, tarehe imebanwa pembeni kwa sababu nafasi iliisha. Watu wanaona aibu wanasema huu si umaskini jamani. Mi naona tofauti. Huo mwandiko ni wa mtu, labda katekista, labda baba mkubwa alipokuwa kijana, aliyechuchumaa pale siku ya mazishi kabla simenti haijakauka. Granaiti ya laser unaweza kuagiza hata kesho, huo mwandiko huwezi kuuagiza popote.

Limepasuka kwa nini?

Ukiruka hapa, ukarabati na jiwe jipya vyote vitakuwa kazi bure. Angalia udongo. Kule juu kwenye kichanga cha miteremko, luseni kwa Kisukuma, kaburi linatulia ila maji ya mvua yanakomba mchanga chini ya msingi, jiwe linaanza kuinama upande wa bondeni. Ukishuka kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na chochote kilichokaa juu yake kinapandishwa na kushushwa kila mwaka. Hapo hata uweke granaiti ya nchi gani, kama msingi ni ule ule wa inchi tatu itapasuka palepale pa zamani.

Sababu nyingine ni mizizi ya miembe, mchwa wanaochimba chini na kuacha tupu, na nondo. Nondo ikipata maji inashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwahiyo zege linapasuliwa kutokea ndani. Ukiona ufa umenyooka kama rula na una rangi ya kahawia kando yake, ndo hiyo. Kuupaka simenti kwa juu ni kuuficha tu. Na kama kaburi lipo karibu na ufukwe, waulize wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2020, ziwa lilivyopanda mpaka likavuka rekodi yake ya 1964. Jibu hilo ndo likwambie msingi uinuliwe kiasi gani.

Kazi yenyewe ikoje

Ukarabati ni kazi ndogo yenye subira nyingi. Kusafisha ni maji, brashi laini ya nailoni, na sabuni kidogo isiyo kali. Zile kuvu za kijivu na njano unazilowesha kwanza, unasubiri, unazikwangua kwa kijiti cha mti au mwanzi. Brashi ya waya hapana. Jiki hapana, inaacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi hiyo ndo inakuja kulibandua baadae. Mashine ya kuoshea magari ndo kabisa, usiipeleke makaburini, nimeona herufi zimeondoka pamoja na uchafu.

Jiwe lililoanguka likiwa zima linasimamishwa tu. Unachimba, unaweka kokoto na mchanga chini, unashindilia, theluthi hivi ya jiwe inakuwa ndani ya ardhi. Wengi wanapenda kulimwagia zege kwenye mguu ili "lisicheze tena", ila likishabanwa na zege siku ardhi ikisogea linakatika shingoni. Kokoto zinaliacha lipumue na maji yanapita. Na msiliinue wawili. Jiwe la granaiti la sentimita 90 kwa 60 lenye unene wa 10 ni karibu kilo 145, hilo likikuangukia mguuni safari inaishia hospitali ya Bugando.

Lililokatika vipande viwili linaungwa kwa pini na gundi ya ipoksi, unatoboa pande zote mbili, unaingiza kijiti cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Fundi atataka kutumia kipande cha nondo alichonacho, mkatalie, kwa sababu ile ile ya kutu. Nyufa kwenye marumaru au mawe laini zibiwe kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu, sio simenti. Simenti ni ngumu kuliko hilo jiwe na haipitishi unyevu, kwahiyo jiwe ndo linalopasuka, kiraka kinabaki kinang'aa. Chokaa inataka kufunikwa gunia bichi siku kadhaa na haitaki haraka, fundi aliyezoea simenti ataiona inamchelewesha, hiyo ni kazi yako kumsimamia. Kwenye kile kibao cha simenti, hapo simenti kwa simenti sawa, ila lowesha kwanza la zamani likunywe maji, la sivyo kiraka kitabanduka.

Kujenga upya kunaenda haraka na kunaonekana. Kuna staili mbili zinazotawala huku. Ya kwanza ni kaburi la kujengea tofali, zege juu, taili kila upande. Linapendeza sana siku ya kwanza, picha zinatoka safi. Shida ni kwamba taili ziko juani kutwa halafu mvua ya ghafla inazipiga, zinapanuka na kusinyaa, maji yanaingia nyuma kupitia grauti (ile ya kuziba kati ya taili na taili), na fundi aliyepaka gundi vidonge vitano tu kila taili ameshaacha matundu humo. Masika chache mbele unaanza kuziokota. Ukitaka taili, gundi ienee mgongo mzima na juu kaburi liwe na mteremko maji yasituame.

Ya pili ni granaiti nyeusi iliyong'arishwa. Hii ni imara kweli, sibishi. Ila uliza mambo mawili. Maandishi yanachongwa kwa kina au ni laser ya juu juu? Laser inakwaruza ule mng'ao tu, inafaa kwa picha, ila jina na tarehe vichongwe kwa kina, rangi ya ndani ikipauka kwa jua herufi zibaki zinasomeka kwa kivuli chake. Na granaiti yenyewe ni nyeusi ya asili au imepakwa? Zipo za kijivu zinatiwa rangi ziuzike. Chukua kitambaa cheupe, tia thina kidogo, futa upande wa nyuma, ikitoka nyeusi kwenye kitambaa rudisha hela yako mfukoni. Slabu ya sentimita 2 kwa kipimo kile kile cha 90 kwa 60 ni kama kilo 29 tu, kwahiyo usafiri sio tatizo, ila usiisimamishe peke yake, inataka kulazwa au kuegemezwa kwenye ukuta wa zege.

Upande wa hela siweki bei, zinabadilika na kila fundi ana yake. Ila ujue hela inaendea wapi: ukarabati unalipia muda wa mtu, jiwe jipya linalipia malighafi, kuchonga na usafiri, na kama ni Ukerewe au Kome ongeza kivuko na watu wa kubeba. Kuna makaburi ambayo kuvusha mchanga na simenti tu kunakula zaidi ya ukarabati wote wa jiwe la zamani. Kidogo cha kufurahia, mchanga wa ziwa letu hauna chumvi kama wa pwani kwahiyo hauozeshi nondo kwa chumvi, ila una vumbi na makonokono, uoshe.

Maandishi, hapa ndo ugomvi ulipo

Hiki kipengele mi nakipa uzito kuliko uimara wote. Jiwe la zamani hata likiwa bovu limeshaamua mambo: jina limeandikwa hivi, mwaka huu, mtoto wa fulani. Ukiamua kuweka jipya umefungua kikao upya. Nani aandikwe? "Ameacha watoto" wangapi, na wale wa mama mdogo wa Geita wamo ama hawamo? Pale chini "limejengwa na wajukuu" au "limejengwa na familia ya" yule aliyetoa mchango mkubwa? Mmeshaona ukoo unaacha kusalimiana kwa sababu ya mstari mmoja kwenye jiwe? Mi nimeona, na marehemu mwenyewe alikuwa ameshalala miaka mingi hana habari.

Halafu kuna kusahihisha. Vijana wa kompyuta dukani wanasahihisha bila kuuliza. Jina la Kisukuma lililoandikwa kizamani na padri aliyekuwa anajisikilizia kwa sikio lake linageuzwa liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mjukuu. Mwaka wa kuzaliwa ambao jiwe la zamani liliuacha wazi kwa sababu hakuna aliyeujua, unajazwa kwa makadirio, na baada ya miaka kumi makadirio yameshakuwa ukweli kwa sababu yamechongwa. Kama lazima muweke jipya, nakilini lile la zamani herufi kwa herufi pamoja na makosa yake, mstari unapoishia uishie hapo hapo, na mkitaka kuongeza kitu kiongezwe chini kama nyongeza.

Kabla ya chochote, iwe ukarabati au jipya, piga picha. Saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na mbili jioni jua likiwa chini, mwanga unapita kwa ubavu na herufi zilizofutika zinaibuka. Mchana wa saa saba huoni kitu. Ukikuta mawingu, subiri giza halafu shika tochi ya simu pembeni kabisa ya jiwe, mwenzako apige. Usipake unga wala chaki ili zisomeke, vinaingia kwenye vitundu na havitoki vyote. Kama ni makaburi ya misheni, nenda parokiani uombe wakuangalizie daftari la marehemu, mara nyingine jina kamili na tarehe vimo humo na ubishi wote unaisha kwa dakika tano.

Ile njia ya tatu

Acha la zamani mahali pake, limesafishwa na kusimamishwa, halafu miguuni mwa kaburi laza kibao kidogo kipya cha granaiti chenye jina na tarehe zinazosomeka. Basi. Aliyeko Dar amepata granaiti yake, shangazi hajaguswa jiwe lake, na mjukuu atakayekuja mwaka 2060 atasoma vyote viwili na kulinganisha. Inagharimu kidogo zaidi ya ukarabati na kidogo sana ukilinganisha na kujenga upya. Kitu kimoja tu, kibao kiwe cha jiwe. Shaba, bati, alumini, hivyo vitaishia kwenye vyuma chakavu kabla ya Krismasi, na misalaba ya chuma ya zamani inaondoka kwa njia hiyo hiyo kila siku. Msalaba wa chuma ukiwa bado upo, usugue kutu, upake rangi ya kuzuia kutu, na mguu wake uzikwe kwenye zege lenye mteremko usiotuamisha maji. Hapa zege ruksa.

Na mkiamua kutoa kabisa la zamani, mjue linaenda wapi. Mafundi wengi wanaliponda liwe kifusi cha msingi wa jipya, au unakuja kulikuta limekuwa ngazi ya mlango wa mtu. Lilazwe pembeni ya kaburi lile lile, maandishi juu, au lizikwe kidogo likiwa limelala.

Ruhusa na imani

Makaburi ya parokia ni paroko na kamati yake, ya jiji ni halmashauri kupitia ofisi ya kata, ya familia ni wanafamilia wote wenye haki na si aliyetoa hela peke yake. Kazi za juu ya ardhi kwa kawaida hazina utata. Ukianza kuzungumzia kuhamisha mabaki umetoka kwenye habari ya jiwe, hiyo ni biashara nyingine kabisa yenye vibali vyake, na ardhi ikitwaliwa kwa shughuli za umma kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969.

Kwa Waislamu mjadala uko tofauti kabisa, wengi wanafundishwa kaburi lisijengewe wala kupambwa, alama ya kulitambua inatosha. Hapo kusimamisha lile lililoanguka ndo mwisho wa kazi na granaiti yenye picha haina nafasi. Muulizeni sheikh kabla ya kuchangishana.

Sasa uchague nini

Granaiti ya hapa, imeanguka au imekatika vipande viwili: karabati, hata usifikirie mara mbili. Kibao cha simenti chenye mwandiko, kimepasuka ila vipande vyote vipo: karabati, na weka kibao kipya miguuni. Marumaru iliyolika mpaka jina halionekani hata kwa tochi: kuitengeneza hakurudishi jina, weka jipya na la zamani libaki palepale. Zege lililochanuliwa na nondo likawa linabomoka kama mkate mkavu: jipya, na safari hii jiwe la kujitegemea lisilo na nondo ndani. Kaburi la mbugani lililopasuka mara ya pili: weka hela yote kwenye msingi na mfereji wa maji, juu weka chochote kilichobaki mfukoni.

Kuhusu muda, miezi ya Juni mpaka Agosti ndo mizuri, vuli haijaanza na zege unaweza kulimwagia maji wiki nzima bila mvua kukuharibia kazi, ugumu wake wa kuaminika unaufikia siku ya 28 hivi. Mkisubiri mwishoni mwa Oktoba kila fundi ana makaburi kumi na atalipua lenu. Msilipe yote siku ya kumaliza. Bakizeni sehemu ya hela ya fundi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, mwende mgonge taili moja moja kwa kidole cha kukunja, inayolia tupu aitoe aiweke upya ndo achukue salio lake.